Shati la Siku ya Nne

Wiki iliyopita, msomaji wangu, tulimwacha Mama Pindo amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, suruali ya mumewe ameigeuza ndani nje, macho yamemganda kwenye fundo dogo la uzi kiunoni.

Fundo lenyewe halikuzidi punje ya mtama. Lakini mtu aliyeshona nguo miaka ishirini na sita haulizi uzi ni wa nani. Kila mkono una mwandiko wake. Na mtaa mzima ulikuwa na fundi mmoja tu anayemaliza mshono kwa kufunga fundo kwa vidole, kwa sababu hajawahi kuiamini cherehani.

Kidosho.

Kidosho aliyefundishwa kushika mkasi na Mama Pindo mwenyewe. Kidosho mwenye kiuno cha nyigu na duka ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Na suruali ni ya Bwana Mita, msoma mita za maji, mume aliyeapa tangu ujana kwamba hakuna fundi mwingine atakayegusa nguo yake.

Zimebaki siku tatu yeye na mumewe waende kisiwani kupumzika.

Mama Pindo hakutafuta viatu. Alivuka barabara na ndara moja ya bluu na nyingine ya kijani, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, suruali mkononi kama mtu aliyekamata kuku wa wizi.

Dukani mwa Kidosho karani mmoja wa posta alikuwa akijaribu sketi mbele ya kioo.

"Mwanangu, imekukaa," Mama Pindo alimwambia. "Nenda nyumbani."

"Lakini zipu bado..."

"Imekukaa."

Karani alimtazama usoni, akakusanya mkoba wake, akatoka ameshika sketi nyuma kwa mkono.

"Shikamoo, Mama," Kidosho alisema.

"Sikuja kuamkiwa." Suruali ikatua juu ya meza. "Hii ni nini?"

"Suruali."

"Ya nani?"

Kidosho aliuinamia mshono. Tangu alipokuwa mwanafunzi alimwita Bwana Mita baba, na sasa hakuthubutu kulitamka.

"Nakuuliza kwa upole," Mama Pindo alisema, "kwa sababu nikiuacha upole leo, duka hili halitatutosha wawili. Tangu lini mume wangu anavulia suruali hapa?"

Kidosho akaanza kucheka. Kicheko kikafika katikati, kikageuka.

"Mama, jamani. Umefikiri hivyo?"

"Sijafikiri. Nimeona fundo lako."

"Aliniapisha. Alisema ni siri ya safari, anataka kukushangaza kisiwani kwa umbo jipya. Mara ya kwanza nilimwamini."

"Mara ya kwanza? Kwani zipo ngapi?"

Kidosho alichukua daftari lake la vipimo, akafungua ukurasa, akamgeuzia.

Juu kabisa paliandikwa *Baba*. Chini yake zilipangana namba nne za kiuno, zote za miezi minne iliyopita.

37. 35. 32. 30.

Wewe na mimi tungeona namba tu. Fundi huona mwili. Mama Pindo alimwona mumewe akipungua mbele yake, mstari kwa mstari, kama sabuni. Yule mwanamke mwenye wivu aliyevuka barabara akawa hayupo tena. Alibaki mwingine, ameshika ukingo wa meza.

"Mara ya mwisho nilimwambia, Baba, nenda hospitali," Kidosho alisema. "Akaniambia, mwanangu, mimi natembea kutwa nzima kusoma mita, ulitaka ninenepe? Akacheka. Nami nikacheka naye. Nilipaswa kukuambia. Na leo nilitaka kuja, ila kichwa chenyewe hakijatulia. Saa nne hospitali wamempigia mama yangu. Miezi minane ya kungoja, Mama Pindo. Nafasi imepatikana. Anapasuliwa Jumanne."

Juu ya meza palikuwa na kitambaa cha maua madogo, nusu kimekatwa. Gauni la mama yake la kwenda nalo wodini.

"Mungu ni mwema," Mama Pindo alijibu, kwa namna mtu anavyoitikia salamu usingizini. Hakuwa amesikia hata neno moja.

Kidosho alimshika mkono. "Mkono wangu huu umenipa wewe, wakati hakuna aliyenitaka. Siku ukihitaji kitu, kitu chochote, vuka tu barabara."

Liweke neno hilo mfukoni, msomaji. Tutalihitaji kabla jua halijazama.

*

Kwenye kamba iliyovuka chumba cha Mama Pindo yalining'inia mashati saba ya kiume, moja kwa kila siku ya kisiwani. Alikuwa ameyashona jioni kwa jioni, baada ya sare za shule kwisha na kabla magauni ya harusi hayajaanza. Wiki ya safari ndiyo wiki pekee katika mwaka mzima ambayo fundi wa mtaa anaweza kufunga mlango bila kutukanwa.

Aliyatazama, akaona kosa lake.

Hakumpima mume wake. Wateja wote huwapima, hata mtoto wa jirani anayeletwa kila mwezi. Lakini mume? Vipimo vya Bwana Mita alivijua kwa moyo tangu mwaka wa harusi. Alikuwa amekata mashati saba kwa namba za mtu ambaye hayupo tena.

Na alipomwambia ajaribu, Jumapili, Bwana Mita alijibu, "Shati la kisiwani hujaribiwa kisiwani." Akacheka peke yake.

Pembeni mwa cherehani lilikuwepo daftari la safari. Alilianza Bwana Mita miaka kumi na tisa iliyopita, kurasa saba, ukurasa kwa siku, kwa mwandiko uleule ulionyooka anaoandikia mita. Mama Pindo alilifungua.

*Siku ya kwanza: kukaa. Asiulize mtu tunafanya nini.*

*Siku ya pili: kukodi baiskeli kwa mama mwenye nyumba ya wageni. Fundi hajui kuendesha. Nitamshika nyuma kwenye kiti, nisimwachie hata akinitukana.*

*Siku ya tatu: kukaa majini mpaka vidole vijikunje.*

Siku ya nne ilikuwa Jumanne. Ukurasa wenyewe ulikuwa mnene kuliko mingine. Katikati yake palikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha palikuwa na barua ya hospitali, imekunjwa mara nne.

Alisoma mstari wa kwanza. Kisha akasikia hodi ya mumewe, ile anayoipiga kila alasiri kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe kwa utani.

"Hodi, msoma mita. Kuna mbwa?"

Kila siku Mama Pindo hujibu, "Yupo, ila ameoa." Leo hakujibu.

Bwana Mita aliingia, akatua begi. "Fundi, nimesoma mita mia na nne leo. Hakuna hata moja iliyoniuliza hali."

"Vaa shati."

"Lipi?"

"La siku ya nne. Lile la bluu."

Alimtazama mkewe. Akatazama suruali juu ya meza. Akatazama daftari lililofunguka. Hakubisha. Alivua shati la kazi akiwa amempa mgongo, akavaa lile la bluu, akageuka.

Shati lilikuwa zuri. Lilimning'inia kama lililotundikwa msumarini.

"Umekata kubwa kidogo," alisema.

"Nimekukata wewe. Wewe ndiye uliyeondoka."

Bwana Mita alikaa kwenye kigoda cha wateja. Kwa mara ya kwanza Mama Pindo aliona jinsi anavyokaa, taratibu, mkono mmoja ubavuni.

"Kuna uvimbe tumboni," alisema. "Daktari anataka kuutoa Jumanne. Amesema kupona ni nusu kwa nusu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikamwomba asogeze mbele wiki moja. Akasema nafasi ikipita, nyingine si karibu, na tumbo langu halina subira hiyo."

"Na ukarudi hapa ukaniuliza kama nimetia vifungo."

"Miaka kumi na tisa, Fundi." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake na kushindwa mara nyingi. "Mwaka wa kwanza mama yako aliugua. Kisha mtihani wa mtoto. Kisha bati likaezuliwa na upepo. Kisha sare, kila mwaka sare. Na kila mwaka nikakuambia mwakani, kana kwamba mwakani ni kabati, lipo palepale, tutafungua tukitaka. Sasa nimepewa wiki moja ya hakika. Nikiingia chumba cha upasuaji nisitoke, utabaki na nini? Daftari. Nilitaka unikumbuke nimelowa maji ya bahari, nimekushikilia baiskeli, unanitukana. Usinikumbuke nikiwa na mipira puani."

"Kwa hiyo umenichagulia ujane, na hata rangi yake, ya bahari, umenichagulia."

"Fundi."

"Jambo la watu wawili umeliamua peke yako. Ukapeleka kiuno chako kwa Kidosho. Nimevuka barabara kama mwendawazimu nikamfukuza karani wa watu na zipu wazi, nikidhani una mwanamke. Na nakuambia kweli, Bwana Mita, nikirudi nilitamani ingekuwa hivyo. Mwanamke ningemweza."

Hapo, msomaji, wote wawili walicheka. Walicheka kidogo sana, kisha Mama Pindo akavua futi shingoni.

"Simama."

"Ya nini sasa?"

"Simama nikupime."

Alianza mabegani. Akashuka kifuani. Kila namba aliitamka kwa sauti na kuiandika, kama kwa mteja aliyeingia leo tu. Alipofika kiunoni alikumbuka kitu. Enzi za ujana, kila alipompima, Bwana Mita alivuta tumbo ndani na kujifanya kijana wa mazoezi, naye akampiga kofi la tumboni, "Achia, mwongo wewe." Leo alizungusha futi, akangoja.

Hakukuwa na tumbo la kuvuta.

"Ishirini na tisa na nusu," alisema, na namba ikavunjika mdomoni. Aliegemeza paji la uso kifuani pa shati kubwa la bluu.

Bwana Mita alimwekea mkono kichwani.

"Si kisiwa," alinong'ona. "Nimesema kisiwa kwa sababu kinasemeka. Naogopa, Fundi. Naogopa wakinilaza nisiamke. Nilipokata ile simu asubuhi, nilihisi raha, kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule. Kisha nimeona aibu kutwa nzima, mita kwa mita."

"Simu gani?"

Akachezea kifungo cha shati.

"Simu gani, Baba?"

"Ya hospitali. Nimewaambia sitakuja. Nimewaachia nafasi."

Mama Pindo alimwachia. Aliichukua barua, akatafuta namba chini yake, akapiga. Simu iliita mara sita.

"Wodi ya upasuaji," sauti ya muuguzi ilisema.

Alijieleza. Alisema mume wake alikuwa na hofu, hofu ni ubinadamu, sasa anakuja. Muuguzi alimsikiliza bila kumkatiza, na huo uungwana wake ndio uliomtisha.

"Mama, tulimuuliza mara mbili kama ana hakika. Nafasi yake imeshapewa mtu mwingine."

"Inayofuata?"

"Wiki tisa."

Barua ilisema apasuliwe ndani ya wiki tatu, zisizidi. Mama Pindo aliyasoma maneno hayo mara mbili, kana kwamba yangebadilika kwa huruma.

"Hakuna njia nyingine, mwanangu?"

Muuguzi alishusha sauti. "Mwenye nafasi akiiacha mwenyewe, kwa hiari yake, inarudi kwa mumeo, maana yeye ndiye wa juu kwenye orodha. Nipo hapa mpaka saa kumi na moja, kisha naipeleka kwa daktari na haibadiliki. Lakini usiitegemee sana. Ni mama mtu mzima, amengoja miezi minane. Nilipompigia saa nne alilia kwa furaha mpaka nami nikalia."

Miezi minane. Saa nne. Jumanne.

Neno alilolisikia bila kulisikia lilimrudia lote, na sauti ya aliyelisema.

Mama Pindo aliweka simu mezani polepole. Kupitia dirishani, ng'ambo ya barabara, alimwona Kidosho akiinua gauni la maua madogo kwenye mwanga, akilikung'uta, akilitabasamia.

"Wamesemaje?" Bwana Mita aliuliza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na dakika thelathini na tano.

"Wamesema nisubiri kidogo," alisema. "Ukae hapo hapo. Usivue shati."

*

Barabara ile ina hatua kumi na nne. Mama Pindo aliivuka kwa dakika nzima.

Njiani alijiambia mambo ambayo sote tungejiambia. Kwamba Kidosho alimwahidi, kwa kinywa chake, leo leo. Kwamba yule mama ni mzee, na Bwana Mita hajafika sitini. Kwamba haombi kitu cha mtu, anaomba kilichokuwa chake mpaka asubuhi. Kila alichojiambia kilikuwa kweli, na kila ukweli ulimzidishia uzito wa miguu.

"Hodi."

"Karibu, karibu, afadhali umekuja," sauti nyingine ilijibu, si ya Kidosho.

Mama Upawa, mama yake Kidosho, alikuwa amesimama katikati ya duka, ameshika meza kwa mikono miwili, gauni la maua amelivaa likiwa na pindo la kubandika tu. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mpishi wa shule ya msingi miaka thelathini, na hakuna mtu wa mtaa ule, mtoto wa mwenye nacho au wa asiye nacho, ambaye hakupakuliwa na upawa wake. Watoto wa Mama Pindo pia. Mwaka ule wa bati kuezuliwa, aliwapakulia mara mbili na kujifanya hajui kuhesabu.

Sasa uso wake ulikuwa umesawijika kwa maumivu ya miezi minane. Lakini macho yalikuwa ya msichana.

"Mtazame huyu," Mama Upawa alisema, akimwonyesha bintiye kwa kidevu. "Anafunga pindo huku analia. Upande huu umepanda, huu umeshuka. Nitaingia wodini kama bendera. Wewe ndiye mwenye jina la pindo. Hebu ninyooshee, mwanangu."

Kidosho aliinuka, akampa kikopo cha pini. Mama Pindo hakujua alipiga magoti saa ngapi. Miguu ya fundi ikiona pindo bovu haingoji ruhusa. Alitia pini nne mdomoni, kama kawaida ya kazi, akaanza kuzungusha kitambaa.

"Unajua wameniambia nini?" Mama Upawa aliendelea juu ya kichwa chake. "Kuna mtu alikuwa kwenye nafasi hii. Akaiachia. Mtu simjui, hanijui. Usiku wangu umekuwa wa kuhesabu boriti za dari, leo mtu anaamka tu asubuhi na kuniachia uhai. Bado watu wapo duniani, Mama Pindo. Tusiwatukane watu. Wewe unazunguka na wateja wengi. Ukimsikia ni nani, niambie. Nataka nimshike mikono nimshukuru kabla sijalala pale kitandani."

Mama Pindo hakuweza kujibu. Alikuwa na pini mdomoni.

Saa ya Kidosho ilikuwa ya plastiki, juu ya kioo, na sekunde zake zilisikika. Saa kumi na dakika hamsini.

Alitoa pini moja mdomoni, akaichoma kwenye pindo. Akatoa ya pili.

Kidosho alikuwa ameacha kila kitu. Aliangalia ndara za mwalimu wake, moja ya bluu, nyingine ya kijani. Kisha akaangalia dirishani, ng'ambo ya barabara, ambako mwanamume mwembamba ndani ya shati kubwa la bluu alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ubavu, anatazama upande wao.

"Mama," Kidosho aliuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kujibiwa. "Umevuka barabara kwa jambo gani?"

Mama Pindo alitoa pini ya tatu.

Mdomoni ilibaki moja.